Mtamba Mmoja na Shilingi 60

Kuna utani ambao kila Mpare ameshatupiwa mara nyingi kabla hajamaliza shule: kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Nilipofika Dar es Salaam kuanza chuo nilitupiwa utani huo siku ya kwanza bwenini, tena na Mchaga, ambaye kwao nako utani haukosekani. Nilicheka. Tumezoea. Nyumbani wazee hawauoni hata kuwa ni tusi. Watakwambia kuku alikuwa wake, sasa ulitaka anyamaze?

Desemba iliyopita nilijua kwamba shamba lililonisomesha lilipatikana kwa njia inayokaribia sana utani huo.

Baba mkubwa ndiye aliyenipigia simu. Kijiji kilikuwa kimeingizwa kwenye mpango wa kupima mashamba na kutoa hati za hakimiliki ya kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kila kaya ilitakiwa ijiandae: majina ya wamiliki, mipaka, majirani wa kuthibitisha. "Wewe si ndiye msomi wa makaratasi?" akaniambia. "Panda uje utuchambulie sanduku la babu yako. Kama kuna kitu cha kutusaidia, kionekane."

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu ni juu ya kumbukumbu za mabaraza ya wenyeji wakati wa Mwingereza. Kwa miezi mingi nimekuwa nikikaa Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, nikifungua mafaili yaliyofungwa kwa kamba na kutafuta Wapare ndani yake. Kwa hiyo baba mkubwa hakukosea. Ila mimi nilizoea makaratasi ya watu wengine, na waliokwisha kufa.

Nilishuka Same saa nane mchana. Wanaoijua Same wanaujua upepo wake, unavyovuma kutoka nyikani ukiwa na vumbi na joto kana kwamba mtu ameacha wazi mlango wa tanuri. Nikasubiri gari la kupanda mlimani hadi lilipojaa, halafu likajazwa tena. Baada ya mwendo wa saa kadhaa unavaa sweta. Ndiyo Upare ilivyo: chini mikatani na ukame, juu ukungu, migomba, na sasa tangawizi, ambayo imebadilisha bei ya kila kipande cha ardhi kule kwetu.

Sanduku lenyewe ni la bati, la kijani, la aina waliyokuwa wakipewa watoto wa shule ya bweni. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Nililifungulia barazani, Bibi akiwa pembeni anachambua maharage. Ndani mlikuwa na stakabadhi za kodi, nyingine ndogo kama tiketi ya basi. Risiti za kahawa za chama cha ushirika. Cheti cha ubatizo. Barua za ndugu aliyekwenda kukata mkonge Tanga na ambaye katika kila barua anaahidi kurudi mwezi ujao. Na nakala za hukumu za baraza, zilizopigwa chapa kwa Kiswahili kizuri sana, Kiswahili cha makarani wa zamani, ambacho hakimalizi sentensi kabla ya kukutaja kwa jina, jina la baba yako na mahali unapokaa. Babu alikuwa amewahi kushtaki mara tatu na kushtakiwa mara mbili. Nilifurahi kama mtoto. Haya ndiyo makaratasi ninayoyatafuta Upanga, na yalikuwa chini ya kitanda cha Bibi miaka yote.

Karatasi niliyokuja kuizungumzia ilikuwa ndani ya bahasha, imekunjwa mara nne. Ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari, mwandiko wa kalamu ya kopi, ile ya zambarau. Mwaka 1957. Inasema kwamba mtu fulani wa bondeni, ambaye jina lake silitaji hapa kwa kuwa wajukuu zake tunaishi nao, ameweka rehani kwa babu yangu shamba lake lililo kati ya mfereji na mstari wa masale, naye amepokea mtamba mmoja na shilingi 60, ili apate fedha za rufaa ya kesi yake. Siku atakaporudisha mtamba na fedha hizo, yeye au mwanawe, atarudishiwa shamba lake. Mashahidi wanne. Dole gumba la mweka rehani, sahihi ya babu. Mstari wa mwisho unaanza na "Imeandikwa", na baada ya hapo mchwa wamekula.

Rufaa. Aliweka shamba ili akate rufaa. Nilisoma mara ya pili nikatazama chini, kwenye mteremko ule wa tangawizi na migomba ulio kati ya mfereji na masale, ambako kuna nyumba mbili za bati, moja ya baba mkubwa, na kaburi la babu lenye msalaba mweupe.

Nitaeleza sheria haraka maana haina mengi. Nilimtumia rafiki yangu anayesoma sheria picha ya karatasi, nikiwa nimeficha majina. Akanijibu kwa sauti, anacheka: madai ya ardhi yana miaka 12, kesi hiyo imekufa kabla hujazaliwa. Nikamwambia rehani ya kimila haihesabiwi kama mauzo, aliyeweka hajauza. Akasema hapo mawakili wawili wangeweza kubishana hadi wote wanunue magari, lakini kwa akili ya kawaida watu waliolima, wakajenga na kuzika kwa miaka zaidi ya 60 hakuna wa kuwatoa. "Nyie mko salama," akamaliza. Nilijiona nimepewa jibu la swali ambalo sikuuliza.

Swali langu lilikuwa hili: deni lililokufa mbele ya sheria limekufa kweli? Na mtu aliyeshika karatasi ya deni hilo ana wajibu gani, ikiwa yeye ndiye anayenufaika karatasi ikinyamaza?

Jioni nilimwonyesha baba mkubwa. Alivaa miwani, akasoma polepole, akaikunja kama ilivyokuwa. Hakuonekana kushtuka, na hapo nikahisi kwamba huenda aliwahi kusikia minong'ono.

"Hii iweke," akasema.

"Niiweke wapi, baba mkubwa?"

"Ilipokuwa."

Nikamuuliza kuhusu fomu ya hati. Atajazaje kwamba shamba ni la ukoo wetu? Akaniangalia kwa muda. Sitaki msomaji amwone baba mkubwa kuwa ni mtu mbaya, kwa sababu si mbaya, na hoja yake ni nzito kuliko nilivyotaka iwe. Alisema kwamba karatasi ile ikitoka haitakwenda kwa yule mama mjane wa bondeni peke yake. Itakwenda kwa wanawe, na wajukuu walioko Dar na Arusha ambao hawajawahi kushika jembe kule, na mmoja wao atatafuta wakili kwa sababu tangawizi ina bei. Watu waliozikana watasimama mahakamani. Akanikumbusha familia mbili za kijiji cha jirani ambazo kesi ya mpaka imewafikisha mahali pa kushutumiana uchawi, na hawaazimani hata moto. "Wewe utarudi chuoni," akasema. "Sisi tutabaki kuchota maji ya mfereji mmoja. Amani nayo ni haki, mwanangu."

Usiku sikulala vizuri. Amani nayo ni haki. Kwetu maji ya kumwagilia hutoka kwenye ndiva, bwawa la udongo linalojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, kila mmoja kwa zamu yake. Mfumo huo umedumu vizazi na vizazi bila askari, kwa sababu kila mtu anajua kwamba akiiba zamu ya leo, kesho atahitaji wa kumlindia yake. Mtu wa nje anaweza kutoa hotuba juu ya ukweli, lakini asiyelima hapaswi kusahau kwamba ukweli wake unaweza kukausha shamba la mtu mwingine.

Hata hivyo nilijikuta narudi kwenye kazi yangu. Sisi tunaosoma nyaraka tuna mazoea ya kuuliza jambo moja kabla ya yote: karatasi hii iliwekwa na nani, na kwa nini? Upanga jibu huwa rahisi. Serikali ilituandika pale tulipoisumbua. Ukitaka kuwaona Wapare wakiwa wamejaa kwenye kumbukumbu za mkoloni, tafuta mgogoro wa Mbiru, kodi ya kukadiria mali ambayo watu wetu waliikataa. Januari 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakakaa Same, makao makuu ya wilaya, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakamkabili ofisa wa wilaya wakimwambia awarudishie waume zao nyumbani, la sivyo awazalishe yeye mwenyewe. Profesa Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliandika juu ya mgogoro huo mwaka 1971. Lakini alipokuwa akiandika historia ya zamani zaidi ya Upare, kile kitabu chake cha 1969, ilimbidi apande milima akawasikilize wazee, kwa kuwa mambo mengi ya watu yalikuwa vinywani. Ya utulivu hayaandikwi. Kuwekeana rehani, kuazimana ng'ombe, kupeana njia ya maji: hayo yamo masandukuni kama lipo sanduku, la sivyo hayamo popote.

Na masanduku hayalingani. Kule Boston kuna chama cha historia kilichoanzishwa mwaka 1791 ambacho kazi yake hadi leo ni kutunza karatasi za koo na biashara za kale za Marekani: wosia, mikataba, madaftari ya madeni, kesi za mirathi. Ukoo wa Adams, uliotoa marais wawili, uliweka karatasi zake chini ya amana mwaka 1905, zikafungwa nusu karne, na mwaka 1956 ukazikabidhi kwa chama hicho. Yaani ukoo ulikuwa na uwezo wa kuamua lini dunia iusome. Mji wa Salem, pembeni mwa Boston, una kumbukumbu zinazotuhusu moja kwa moja. Wafanyabiashara wake walikuwa wakileta Zanzibar kitambaa ambacho sisi tukakiita merikani kwa kuwa kilitoka kwao, na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833. Balozi wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika 1837, na karatasi zake zilihifadhiwa huko huko Salem. Ndani yake biashara imeandikwa kwa uangalifu wa mwenye duka: nani kachukua robota ngapi, nani anadaiwa.

Sasa, misafara ya kutoka Pangani kwenda bara ilipita kando ya milima yetu. Merikani ilifika Upare. Kuna mababu waliozikwa nayo. Daftari la Salem linamjua mwenye meli, linamjua mwenye forodha wa Zanzibar, lakini aliyebeba robota mgongoni kupita chini ya milima hii hana hata mstari. Siwalaumu watu wa Salem kwa kutunza karatasi zao. Nasema tu kwamba deni linalokumbukwa ni la yule mwenye sanduku, na kwa kuwa ni lake, analikumbuka kwa upande wake.

Kuna mfano mwingine uliokuwa ukinisumbua usiku ule, nao ni mzito kuliko wetu kwa mbali sana, nautaja kwa tahadhari. Mwaka 1838 mapadri Wajesuti wa Maryland waliuza watu 272, watumwa wao, kwenda Louisiana, na sehemu ya fedha ikaokoa chuo chao cha Georgetown kilichokuwa na madeni. Waliandika orodha. Majina, umri, nani mtoto wa nani. Karatasi hizo zikakaa kwenye nyaraka za wauzaji wenyewe zaidi ya miaka 150. Sheria ya leo haikuwa na kesi ya kufungua. Wauzaji na waliouzwa wote walikuwa wamekufa. Lakini orodha ilipotolewa na watu kuanza kuisoma, wajukuu wa wajukuu wa wale watu walipata majina ya wazee wao, na mwaka 2017 chuo na Wajesuti wakaomba radhi mbele yao. Kilichonigusa si radhi, ambayo ni rahisi. Ni kwamba asili ya watu hawa, hadi majina ya mama zao, ilikuwa mikononi mwa wale waliowakosea, ndani ya makabati, imepangwa vizuri. Mtu anaweza kumshika mwenzake namna hiyo bila hata kumfahamu. Anachohitaji ni kutofungua kabati.

Babu yangu hakumuuza mtu. Alimsaidia jirani mwenye kesi, kwa masharti yaliyokuwa ya haki wakati huo. Ila sasa mimi nilikuwa na kabati.

Kitu kimoja hakikukaa sawa kwenye hoja ya baba mkubwa, nacho ni babu mwenyewe. Kwa nini aliitunza? Alikuwa na miaka zaidi ya 50 ya kuichoma. Mekoni kulikuwa na moto kila siku. Nilitaka kuamini kwamba aliitunza kwa uaminifu, kwamba alijiona mshika amana. Lakini historia imenifundisha kutomwamini mtu kwa sababu tu ni babu yangu. Karatasi ile ile inasema pia kwamba anadai mtamba na shilingi 60. Huenda aliitunza kama stakabadhi, ili wakija mikono mitupu awaonyeshe. Karatasi ya rehani ina ncha mbili, na kila upande huishika kwa ncha inayomfaa.

Asubuhi nikamuuliza Bibi. Alikuwa anakoroga uji. Sikumuuliza juu ya karatasi, nilimuuliza juu ya debe.

Maana nilikuwa nimekumbuka debe. Nilipokuwa na miaka 9, 10, kila baada ya mavuno babu alikuwa anatutuma watoto tupeleke debe la maharage bondeni, kwenye nyumba ile. Tulikuwa tunapokezana kulibeba na kugombana njiani. Nilidhani ni sadaka kwa mjane. Babu alifariki 2009, na sikumbuki kubeba debe tena.

"Alikuwa anapeleka tangu nimeolewa hapa," Bibi akasema. "Kwanza kwa yule mzee, baadaye kwa mwanawe, baadaye kwa mke wa mwanawe. Mwaka wa njaa alipeleka nusu debe. Sikumuuliza. Nilijua kinachopelekwa ni cha kupelekwa."

"Na kwa nini tuliacha?"

Akakoroga uji kwa muda mrefu. "Aliyekuwa anatuma alikufa. Wa kutuma mwingine hakutokea."

Hilo ndilo lililoniamulia, si Georgetown wala Salem. Debe lile lilikuwa ni karatasi ya pili, iliyoandikwa upya kila mwaka, na sisi ndio tuliacha kuiandika. (Nilimtumia rafiki yangu mwanasheria ujumbe: je, kukiri deni hakuanzishi miaka 12 upya? Akasema kukiri sharti kuwe kwa maandishi, maharage hayahesabiki. Sheria yetu ina mambo.)

Nikarudi kwa baba mkubwa. Nilimwambia kwa heshima, nikiwa nimekaa, kwamba sitaichoma na sitaificha, na kwamba sitapeleka kokote bila yeye. Kama anataka fomu ijazwe kwamba ardhi yote ni yetu, aijaze, ila mimi asiniweke shahidi. Nikamweleza habari ya debe. Alinyamaza. Nilitegemea atakasirika, akaniuliza badala yake kama Bibi ndiye aliyesema "wa kutuma mwingine hakutokea." Nikasema ndiyo. Yeye ni kifungua mimba. Sentensi ile ilikuwa na jina lake ndani.

Ilipita siku mbili. Siku ya tatu, baada ya ibada, akavaa koti, akamwambia Bibi kwamba tunashuka bondeni kusalimia. Bibi naye akajifunga kanga ya pili, maana aliona hawezi kuachwa. Hatukubeba maharage. Baba mkubwa alisema kwenda na debe ni kama kwenda na rushwa.

Bibi wa bondeni, kama ninavyomwita sasa, ana miaka zaidi ya 70 na anaishi na mjukuu mwenye bodaboda. Alitukaribisha, tukapewa viti, tukauliza hali za watu wote na za ng'ombe. Chai ikaja. Baba mkubwa alizungumza juu ya mvua. Halafu akazungumza juu ya bei ya tangawizi. Halafu hapakuwa na kitu kingine cha kuzungumza, akanitazama.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimewaza namna ya kumweleza kwa upole kwamba kuna jambo juu ya ukoo wake ambalo yeye halijui, kwamba sisi tunalo, kwamba tumekuja kumkabidhi. Nilikuwa na hotuba kichwani, naona aibu kuikumbuka. Nikatoa bahasha, nikaifungua, nikaanza kusoma: mwaka, jina la mzee wake, shamba kati ya mfereji na masale. Nilipofika kwenye mtamba, alikuwa ameshanyanyuka kwenda ndani.

Alirudi na kopo la maziwa ya unga la zamani. Ndani, chini ya kitambulisho cha marehemu mume wake na kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana wajukuu, kulikuwa na ukurasa wa daftari. Mwandiko ule ule. Zambarau ile ile. Mstari wa mwisho, ambao kwetu ulikuwa umeliwa, kwake ulikuwa mzima: imeandikwa mara mbili, kila mmoja na yake.

Kwa hiyo walijua. Miaka yote walijua. Tulipokuwa tunajenga walijua, tulipomzika babu walikuja na mchele wakakaa na sisi siku tatu, na kopo hili lilikuwa ndani ya nyumba. Mimi niliyejiona mshika funguo za ukweli wa watu sikuwa nimeshika chochote.

Nikamuuliza kwa nini hawakudai. Bibi yangu aliniminya mkono kwamba sipaswi kuuliza hivyo, lakini mwenyeji hakukasirika.

"Kudai na nini?" akasema. "Karatasi inasema rudisha mtamba. Mzee hakuwa nao. Mume wangu aliupata mara moja, ukafa kabla haujafika huko juu. Huwezi kwenda kwa mtu kumwambia nipe shamba langu wakati deni lake unalo wewe." Akanywa chai. "Halafu maharage yalikuwa yanakuja. Tukajua mnajua. Yalipokoma tukasema, hawa watoto hawajui, au wanajua. Tukangoja tuone."

"Na ile kesi?" nikauliza. Sikuweza kujizuia, ni kazi yangu. "Ile rufaa. Alishinda?"

"Alishinda," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Alishinda vizuri sana."

Baba mkubwa alikuwa amechukua ile karatasi ya kopo, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, miwani ikiwa puani. Alisoma mara moja, akarudi juu, akasoma tena. Akanyoosha mkono kuomba ya kwetu, akaziweka pamoja juu ya goti.

"Hapa imeandikwa shilingi 40," akasema.

"Ndiyo," mwenyeji akajibu. "40."

"Yetu ni 60."

"Yenu ni 60 kwa sababu aliyeandika alikuwa binamu yenu."

Mjukuu wa bodaboda, aliyekuwa amesimama mlangoni akiwa na kofia ngumu mkononi, alikuja kuchungulia. Bibi yangu akasema kwamba 6 ile imekaa kama 4, mtu wa zamani alikuwa anaandika hivyo. Mwenyeji akasema 4 ni 4. Nikatoa simu nipige picha zote mbili, nikaambiwa na baba mkubwa niiweke kwanza, hakuna wa kupiga picha mpaka tujue ni ngapi. Akamgeukia mwenyeji, amekaa mbele ya kiti sasa, mgongo wima, na katika uso wake nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nifike, kinachokaribia furaha.

"Na huyo mtamba," akasema, "alikuwa wa umri gani?"